Pete ya Chini

Lubumbashi, 14 Septemba 1992

Daftari la kazi naliandika kwa Kifaransa, na humo hakiingii kitu ila joto la sumaku, jina la mchanganyiko na mahali kalamu iliposimama. Hili ni la mengine yote. Naliandika kwa Kiswahili bora cha masista wa Kabalo, walionichapa vidole mpaka nikakijua. Lakini watu nitawaacha waseme kwa mdomo wao.

Leo joto na vumbi. Joséphine amepima ya metoksi. Imetoka safi.

17 Septemba

Raoul, kaka yangu, ameniuliza tena wakati wa bukari, ugali wetu, ni kazi gani hii ya kukaa na sumaku mchana kutwa. Nimekasirika badala ya kumjibu. Basi nijibu hapa, ambapo hakuna wa kunicheka.

Chukua atomu ya chuma. Juu yake weka pete ya kaboni, chini yake weka pete nyingine, chuma kibanwe katikati kama nyama ndani ya mkate. Hiyo ni feroseni, unga wa rangi ya machungwa. Kila pete imezungukwa na hidrojeni. Joséphine Kabedi, mwenzangu wa maabara, nami humwita José, anaandaa udaktari wake juu ya jambo hili: kwenye pete ya juu anaunga mkono mrefu, na kwenye ncha ya mkono anatundika kitu, mara metoksi, mara klorini, mara nitro. Kisha mchanganyiko unaingia ndani ya mrija mwembamba wa kioo, mrija unazunguka katikati ya sumaku, na kalamu inachora vilima kwenye karatasi. Kila kilima ni hidrojeni fulani zinaonyesha ziko wapi. Kitu cha kwenye ncha kikiwa mvutaji, kama nitro, kinavuta elektroni na vilima vinasogea kushoto. Kikiwa mtoaji, kama metoksi, vinasogea kulia. José anataka kujua vinasogea kiasi gani na kwa mpango gani, wakati kitu chenyewe kimetundikwa mbali namna ile. Nitro ndiyo ya mwisho na ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Bila hiyo mstari wake hauna mwisho, na jury ya watahini haitamsikiliza.

Mimi Laurentine Numbi ni asistenti. Natunza mashine. Tunaiita Kambo, yaani babu, kwa sababu ni mzee, ilinunuliwa enzi shaba ilipokuwa na bei, na kama babu yeyote haitaki baridi. Sumaku yake lazima ikae kwenye joto lile lile usiku na mchana. Ikipoa, vilima vinalala na huoni kitu.

18 Septemba

Umeme umekatika asubuhi, ukarudi mchana. Tulimfunika Kambo blanketi zetu nne na kumpa chupa za maji ya moto. Hakupoa.

26 Septemba

Redio inarudia yale yale tangu Agosti: Wakasai waende kwao, wameshika kazi zote, wameimaliza Katanga. Sokoni nimesikia neno bilulu, wadudu, na waliolisema si walevi, ni akina mama wanaouza sombe, majani ya muhogo, wale wale wanaoniongezea kiganja nikinunua.

Nilimwambia José asisikilize, ni mambo ya wakubwa, yatapita.

"Kwetu njo wapi, Lau?" akasema. "Mi nilizaliwa Likasi. Baba alizikwa Likasi. Kasai nilienda mara moja, nikalia banirudishe nyumbani."

Babu yake aliletwa na treni kutoka Kasai aje kuchimba. Babu yangu aliletwa kutoka kaskazini aje kulaza hizo reli. Sijui kwa nini mmoja amekuwa mgeni na mwingine mwenyeji. Nikamwomba anipitishie mrija.

6 Oktoba

Balaa. Friji ya maabara ililala bila umeme tangu Jumamosi, na sisi tulikuwa tumeshughulika na Kambo peke yake. Leo José amechukua chupa ya TMS, akaigeuza juu ya kiganja chake. Hakuna hata tone.

TMS ndiyo sifuri yetu. Tone moja ndani ya mrija, na kilima chake kinasimama mwisho kabisa wa karatasi, upande wa kulia; vilima vingine vyote tunavipima kuanzia hapo. Lakini ni maji mepesi, yanachemka hata kabla ya kufikia joto la mwili wa mtu, na Oktoba ya Lubumbashi haina huruma. Imepenya kwenye kizibo ikaenda zake. Profesa Edouard, msimamizi wetu, anasema ataandikia Ubelgiji. Tangu mwaka jana Ubelgiji haijibu.

Nikapata wazo. Nikamwambia José, "Tutumikie pete ya chini. Haikuungwa kintu. Nitro iko kule mbali, na chuma kiko katikati kinaikinga. Itabakia tu palepale. Tupime kuanzia pale."

"Unajua vile?"

"Ni akili tu. Angalia zile tulizokwisha kupima na TMS. Ilisogea wapi?"

Akazitandaza karatasi. Pete ya chini ilikuwa karibu mahali pamoja kila mara. Ilikuwa na tofauti ndogo, kweli, na tofauti hiyo tuliiita mtikisiko wa kalamu.

"Akili si kupima," José akasema. Lakini hatukuwa na njia nyingine, akakubali. Nikarudi nyumbani nimejisikia hodari.

12 Oktoba

Joto. Mawingu yanakuja, yanatuangalia, yanaondoka.

19 Oktoba

Jirani yetu hapa Ruashi ni Muhindo, Mnande wa Butembo, mwenye duka la jumla na malori yanayokwenda Kasumbalesa na Likasi. Leo jioni amekuja mpaka mlangoni na hakutaka kuketi.

"Mama wa rafiki yako, ule wa kuvaa lunette, nimemuona pa gare ya Likasi," akasema. "Anaikaa juu ya valise. Bamemutosha mu nyumba."

Mama Marie-Thérèse. Mama yake José, kwenye kituo cha treni, juu ya sanduku lake. Mwanamke aliyenishonea sare ya komunyo ya mdogo wangu na akakataa malipo. Nimemuuliza Muhindo ni nani aliyemtoa. Akasema vijana wa mtaa wake mwenyewe, na kwamba mmoja alimsaidia kubeba cherehani.

Nimekwenda kumwambia José. Alikuwa anajua tayari. Alikuwa anafunga mzigo.

28 Oktoba

José amerudi. Amekonda. Anasema watu wamejaa pale kituoni mpaka juu ya reli, wamejenga vibanda kwa milango ya makabati yao. Treni haina tarehe, inakuja ikitaka. Mama yake hataki kwenda Kasai wala hawezi kurudi nyumbani. Anafagia mahali pake asubuhi na jioni kana kwamba ni ua.

Nimemuuliza kwa nini amerudi.

"Juu ya nitro," akasema. "Nikiipima, niko na kintu. Popote batanitupa, niko na kazi yenye kwisha."

Ametengeneza fuwele zake leo hii hii. Ni zambarau iliyokolea, na zinahitaji wiki kukauka kabla ya kupimwa. Amezishika kwenye mwanga wa dirisha kwa muda, na kwa mara ya kwanza tangu Septemba nimemwona anatabasamu.

1 Novemba, Watakatifu Wote

Baada ya misa baba mdogo Ézéchiel amekula kwetu. Ni dereva wa treni, juu ya reli alizolaza baba yake. Nilimuuliza kama ni yeye anayewapeleka wale watu.

"Mi naendesha mashine, mutoto wangu," akasema. "Sipakie bantu. Banajipakia."

Raoul akacheka. Mama akamwongezea baba mdogo samaki. Mimi nilifikiri: ni kweli, yeye yuko mbele, kwenye injini, hawa wako nyuma. Yote haya naandika kama nilivyofikiri.

3 Novemba

Mvua ya kwanza. Ilipiga bati la maabara mpaka hatukusikizana. Umeme umekwenda nayo. Kambo amefunikwa.

4 Novemba

Umeme bado. Mvua. Maji ya moto kila saa, kutoka kwenye mbabula ya makaa barazani.

5 Novemba

Naandika kwa mshumaa.

Asubuhi kipimo kilionyesha Kambo ameshuka kidogo, kidogo sana. Fundi wa chuo aliahidi umeme kesho. Nilikuwa na furaha. Nikamwambia José, tukishika mpaka kesho, Jumatatu unapima nitro. Yeye alikuwa amesimama dirishani akiangalia mvua. Hakugeuka.

"Inanyesha na Likasi," akasema.

"Pengine si sana."

"Lau. Inanyesha na Likasi."

Kisha akaja pale Kambo alipo, akaanza kufungua kamba. Akatoa blanketi ya kwanza, akaikunja. Akatoa ya pili. Hizi blanketi ni zetu wawili, mbili zake na mbili zangu. Tulizileta kutoka nyumbani mwaka jana umeme ulipoanza kucheza. Nilijua anafanya nini na kwa nini. Na mdomo wangu, ninaoufahamu tangu nizaliwe, ukasema:

"Uache moja. Ile ya kijivu. Ile moja tu, juu ya nitro."

Ile ya kijivu ni yangu, nene kuliko zote, ina tundu la asidi kwenye kona.

José aliniangalia. Hakukasirika. Ingekuwa heri angekasirika. "Kambo iko na paa," akasema polepole, kama mtu anayemweleza mwanafunzi. "Mama yangu hana na paa."

Nikaona aibu mpaka masikio. Nikafungua ile ya kijivu kwa mikono yangu, nikaikunja, nikaiweka juu ya nyingine. Kambo akabaki wazi, chuma kitupu cha rangi ya maziwa, na mimi sikuweka hata mkono wangu juu yake. Tukafunga mzigo kwa nailoni. Tukakaa juu yake mpaka mvua ilipopungua. Mchana ule ule kipimo kilikuwa kinateremka, na jioni niliacha kukiangalia.

8 Novemba

Muhindo alitupakia kwenye lori lake sisi wawili na blanketi, kati ya magunia ya chumvi. Njiani vijana walisimamisha lori, wakauliza kila mtu jina la kijiji cha baba. Muhindo akasema, "Hawa ni badada zangu wa kanisa." Alisema uongo vizuri, kwa sauti ya mtu aliyechoka. Walipomulika uso wa José na kusita, mimi ndiye niliyejibu, kwa Kiluba cha kwetu, kwa matusi, kama mama mkwe. Wakacheka, wakatupisha.

Hapo ndipo nilipoona kitu. Nilipita kwa sababu ya mdomo wangu. José alipita kwa sababu alikuwa ameketi karibu nami.

Kituo sitaki kukieleza kirefu. Matope mpaka kifundo cha mguu. Watu wameketi juu ya mali zao: fremu za madirisha, sufuria, kinanda cha kanisa. Watoto wana surua. Mapadri wanagawa uji. Mama Marie-Thérèse tulimkuta akifagia maji yatoke kwenye mkeka wake, na maji yanarudi. Alinishika mashavu kwa mikono yote miwili.

"Numbi, umekonda. Hawakulishi kwenu?"

Nilimfunika ile ya kijivu mabegani. Akaingiza kidole kwenye tundu la asidi, akaniuliza ni panya gani hao tunafuga kwenye université.

11 Novemba

Umeme umerudi leo. Bila haya.

15 Novemba

Kambo anapata joto polepole. Vilima vimelala bado. Wiki nyingine, labda mbili. José anakwenda Likasi na kurudi kwa lori la Muhindo, mara uji, mara dawa. Akiwa hapa anazunguka sumaku kama mtu anayesubiri mgonjwa aamke.

24 Novemba

Ameondoka.

Juzi ilikuja habari kwamba treni iko njiani, na José alitaka kumuaga mama yake tu, mama apande, yeye arudi apime. Vilima vilikuwa vimeanza kusimama. Alisema siku nne tu, tano. Nilikwenda naye. Aliniomba nichukue kichupa cha nitro mfukoni, kwa sababu chumba chake hapa mjini mwenye nyumba amekwisha badilisha kufuli.

Treni ilikuwa ya mabehewa ya madini, yasiyo na paa, na baadhi ya kubeba ng'ombe. Watu walikuwa wameanza kupanda kabla haijasimama. Walipitisha watoto juu kwa mikono, kisha vyungu, kisha wazee. Hapakuwa na kelele kama nilivyotegemea. Watu walisema polepole, "Shika hapa, sukuma, shika mguu wa mama," kama watu wanaohamisha kabati.

Tulimpandisha Mama Marie-Thérèse. Cherehani ilikataa. Mlinzi akasema, mtu au mashine. Mama akaiangalia, akasema, "Numbi, ipeleke kwako, utashona mapazia." Alikuwa anakohoa. Alikuwa amejifunga ile blanketi mpaka kidevuni, na nilipomgusa paji la uso lilikuwa la moto. José naye alimgusa. Tukaangaliana juu ya kichwa chake.

José hakusema kwaheri. Alishika ukingo wa behewa, akaweka mguu kwenye gurudumu, akapanda. Alipofika juu ndipo akageuka.

"Utaipima?"

"Nitaipima."

"Na sifuri ya kweli, Lau. Hapana na ile pete. Sina na amani juu ya ile pete." Treni ikashtuka. Akajishika. "Utaniambia kama ilitulia."

Nilikimbia kando kidogo, kama mjinga, nikiwa na cherehani ya watu mikononi. Injini ilipopinda kwenye kona ya karakana nilimwona dereva. Alikuwa baba mdogo Ézéchiel, na kofia yake ya buluu. Alikuwa anatazama mbele. Najua aliniona, kwa sababu aliinua mkono kupangusa kioo ambacho hakikuwa na uchafu, na akaushikilia pale mpaka alipopita kona.

Nimeketi kwenye benchi la kituo mpaka Muhindo aliponifuata. Nililia wazi, mbele ya watu. Hakuna aliyenishangaa, pale ilikuwa kawaida.

9 Desemba

Profesa Edouard ameniita ofisini. Ameniambia kazi ya José imekaribia mwisho, ni dhambi ipotee, niimalize kwa jina langu. "Yeye harudi tena, Laurentine. Wewe ni wa hapa." Si mtu mbaya. Alinimiminia chai akisema hayo. Nimemwambia nitaimaliza kwa jina la mwenyewe. Akanyanyua mabega, akaniuliza kama nataka sukari.

19 Desemba

Raoul amepata kazi kwenye kiwanda, nafasi ya mtu aliyekwenda. Mama ameimba jikoni asubuhi nzima.

24 Desemba

Leo Raoul ameleta meza. Mbao nzuri, ya kukunjua, ya watu nane. Anasema ameipata karibu bure kutoka kwa watu waliokuwa na haraka. Upande wa chini, nilipoinama kuokota kijiko, nimeona mtoto amechora kwa kalamu ya rangi nyumba, jua, na kuku mwenye miguu mitatu.

Nimekula mkesha wa Krismasi jikoni, juu ya kigoda. Mama amesema nina majivuno ya shule.

7 Januari 1993

Mvua. Umeme hakuna. Kambo baridi.

15 Januari

Mvua. Wanafunzi hawaji, na walimu hawalipwi. Nimefungua maabara, nimefuta vumbi, nimefunga.

29 Januari

Mvua. Nilikuwa napita kwenye duka la viatu pale tulipokuwa tunanunua kamba, mwenyewe hayupo. Kwenye kwaya sauti ya kwanza imebaki na watu wawili. Daktari wa meno hayupo. Fundi wa redio hayupo. Wale waliobaki, mimi mmoja wao, tunatembea mji ule ule na kusalimiana, na tunasema chini chini, hata tukitaja bei ya nyanya. Nani ametuambia tuseme chini chini?

10 Februari

Umeme umekaa wiki nzima. Nimeleta blanketi za kitandani kwangu, na ya Mama bila kumwomba. Kambo anapanda.

18 Februari

Muhindo amerudi kutoka ng'ambo ya Kasumbalesa. Mwezi uliopita nilimpa kikaratasi ampelekee mwalimu mmoja wa kemia upande wa Zambia, na nilikuwa nimekwisha sahau. Leo ametoa kwenye soksi kichupa kidogo cha kioo kilichozibwa kwa moto, kimefungwa ndani ya pamba.

"Badouane ba mupaka baliniuliza ni dawa gani," akasema. "Nikabaambia ni ya kuotesha nywele. Bakanirudishia haraka." Kichwa cha Muhindo hakina hata unywele mmoja. Nimecheka. Kisha nikaketi kwenye ngazi ya duka lake, nikalia tena, naye akaendelea kupanga sabuni kama vile haoni.

TMS. Sifuri ya kweli.

26 Februari

Vilima vimesimama. Nimepima nitro.

Pete ya juu ilisogea kushoto, mbali, kama José alivyotaka. Iko karibu kabisa na mstari wake. Nilipaswa kuruka kwa furaha. Lakini macho yangu yalikuwa kwenye kilima kirefu, kile cha pete ya chini, hidrojeni zile tano ambazo hazikuungwa kitu. Nilipima kutoka kwenye sifuri. Nikapima tena kwa rula nyingine. Nikatoa mrija, nikausafisha, nikaurudisha, nikachora upya.

Pete ya chini imesogea.

Si sana, ila haikutulia. Nitro imevuta kupitia kwenye mkono, kupitia kwenye pete ya juu, kupitia kwenye chuma chenyewe, mpaka upande ule ambao nilisema haujaguswa. Nikarudi kwenye karatasi zote za Septemba. Ule mtikisiko wa kalamu una mpango. Metoksi inaipeleka kulia kidogo, klorini kushoto kidogo, kila moja kwa zamu yake. Ilikuwa mbele ya macho yetu tangu mwanzo. Vipimo vyote vya baada ya Oktoba 6, vile tulivyovianzisha kwenye pete kwa akili yangu, ni vibaya na nitavirudia.

Nilibaki nimeketi pale, mkono juu ya blanketi ya Mama. Nilitaka kumwambia mtu. Mtu ni mmoja tu.

9 Machi

Wanasema sasa ni zamu ya Wakasai wa Kolwezi.

14 Machi

Vimebaki vipimo viwili vya kurudia. Mvua.

21 Machi, Jumapili

Baba mdogo Ézéchiel amekuja baada ya misa, amelowa mpaka mifupa. Mama amemketisha kwenye ile meza. Ameweka mikono juu, ameiangalia mbao, ameipapasa, kisha ameondoa mikono akaiweka magotini.

"Hii meza ya nani?"

Raoul amesema ni yetu. Baba mdogo hakuuliza tena, lakini hakula. Amesema ameomba kutoka kwenye treni zile, wampeleke karakana kufunga boliti kama kijana wa juzi, na wamemkatalia; kesho anaendesha tena. Kisha ameniomba tutoke nje, chini ya bati la mlango.

"Nilimuona rafiki yako," akasema. "Kule Kasai, Mwene-Ditu. Aliniona pa injini, akakuja. Anafundisha batoto ba watu bale balifika, mu hangari."

"Na mama yake?"

Alivua kofia yake ya buluu.

"Hakufika. Mbele ya Kamina alikufwa. Nilikuwa mbele, Numbi. Sikujua. Balipiga mabati nisimame, mi nikafikiri ni batoto banacheza. Nilisimama kituo chenye kufuata. Balimuzika kando ya reli, hapana na sanduku. Balimufunga mu bulangeti." Akaizungusha kofia mikononi. "Ya kijivu. Rafiki yako alisema nikuambie vile, ya kijivu. Na alisema aksanti."

Nilisimama nikishika nguzo ya mlango. Ile niliyosema aiache. Nilisema aiache, kwa kinywa changu hiki, kwa ajili ya sumaku, na mwanamke yule angekwenda ardhini na kitenge tu. Sina neno lingine la kuandika hapa. Cherehani yake iko chumbani kwangu na sijashona hata pazia moja.

Baba mdogo akangoja nimalize. Kisha akasema kuna jambo jingine, ila halifahamu. José alimfanya alikariri kama katekisimu, mara tatu, injini ikiwa inaunguruma.

"Aliuliza vile: ile pete ya chini, ilitulia?"

Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye bati, kati yangu na yeye. Ndani nilisikia Raoul anavuta kiti chake kwenye meza.

"Umwambie hapana," nikasema. "Haikutulia. Ilisogea."

"Ilisogea."

"Kidogo, lakini ilisogea. Umwambie mi njo nilisema haitasogea, na nilidanganyika."

Baba mdogo alikuwa anatikisa kichwa polepole, midomo yake ikirudia. Akavaa kofia. Sijui alifahamu nini. Aliniangalia muda mrefu, macho mekundu ya mtu asiyelala, na alipotoka kwenye mvua nilimsikia mpaka kwenye kona ya ua akijisemea ili asisahau: ilisogea, ilisogea.